Kufuta data kwenye diski ya kompyuta isirudi tena: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yeyote anayetaka kuuza kompyuta, kuigawa, kuirudisha kazini au kuitupa, na hataki kilichomo kimfuate mtu mwingine. Kama una haraka, soma majibu ya HDD (diski yenye sahani zinazozunguka) na SSD (diski ya chipu) kwanza, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo: mtu anatumia njia nzuri kwenye aina ya diski isiyoendana nayo.

Nimeshafuta mafaili yote na kumwaga pipa la takataka. Si yametosha?

Hapana. Unapofuta faili, kompyuta haigusi yaliyomo. Kila diski ina orodha inayoonyesha faili gani limekaa wapi; kwenye Windows orodha hiyo huitwa MFT. Kufuta maana yake ni kuweka alama kwenye orodha kwamba nafasi ile sasa iko wazi. Mpaka faili jingine lije kukaa hapohapo, la zamani lipo vilevile lilivyokuwa.

Chukua picha ya JPEG. Siku zote huanza na baiti FF D8 FF na kuishia na FF D9. Programu ya kuokoa mafaili kama PhotoRec haihitaji orodha ya diski wala jina la picha. Inaanza sekta ya kwanza, yaani kipande kidogo cha kwanza cha diski, na kusonga mbele, ikikutana na FF D8 FF inaanza kunakili, ikifika mwisho wa picha inaihifadhi na kuendelea. Programu hiyo ni ya bure na mtu asiye mtaalamu anaweza kuitumia. Picha ulizofuta miaka mitatu iliyopita zinaweza kutoka zote jioni moja, pamoja na nakala ya kitambulisho uliyowahi kuiskani.

Na nikifomati?

Fomati ya haraka, ile inayokwisha kwa sekunde chache, inatengeneza orodha mpya tupu na kuacha mengine yote. Kwa HDD ni sawa na kutofanya kitu.

Fomati kamili ni jambo jingine. Kuanzia Windows Vista, fomati kamili huandika sifuri kwenye sehemu yote unayoifomati. Kwenye Windows XP ilikuwa inasoma tu kutafuta sekta mbovu, ndiyo maana wengi bado wanasema fomati haifuti chochote. Angalizo: inafuta sehemu uliyoichagua tu. Kama diski imegawanywa C na D, ukafomati C, basi D iko palepale.

Kuna mtu kweli anayehangaika na diski za mitumba?

Wapo, na hawahangaiki sana. Watafiti Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wakiwa chuo cha MIT, Marekani, walinunua diski 158 zilizotumika kati ya mwaka 2000 na 2002 wakazichunguza. Diski 129 zilikuwa bado zinafanya kazi. Kati ya hizo, zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo zilikuwa 12 tu. Kwenye zilizobaki walikuta barua za watu, taarifa za matibabu na namba za kadi za mkopo zaidi ya 5,000.

Usidhani kampuni kubwa zinajua zaidi. Septemba 2022 benki ya Morgan Stanley ilikubali kulipa faini ya dola milioni 35 kwa tume ya masoko ya mitaji ya Marekani, kwa sababu kazi ya kuondoa vifaa vyake vya zamani ilipewa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na uzoefu wa kufuta data. Baadhi ya vifaa vikaishia kwenye minada ya mtandaoni vikiwa na taarifa za wateja.

Ukisema “mimi sina cha kuficha”, fikiria tena. Diski yako ina namba za simu za watu waliokuamini, mikataba ya wateja, majibu ya vipimo vya mzazi wako, picha za watoto wa ndugu zako. Hao hawakuulizwa kama wana cha kuficha.

Nitajuaje kama diski yangu ni HDD au SSD?

HDD ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosoma kwa sumaku. Ukitega sikio utaisikia. SSD ni chipu tupu, haina kinachocheza. Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda sehemu ya utendaji, ubofye diski. Aina yake imeandikwa pale. Kwenye Linux andika `lsblk -d -o NAME,ROTA,SIZE,MODEL`: yenye 1 inazunguka, yenye 0 ni SSD. Diski iliyochomekwa kwa waya wa USB inaweza kutoa jibu lisilo sahihi, kwa hiyo isome modeli uitafute mtandaoni.

Baadhi ya kompyuta zina zote mbili, SSD ndogo ya mfumo endeshi na HDD kubwa ya mafaili. Zifute kila moja kwa njia yake.

Kwa HDD nifanye nini?

Andika juu ya diski nzima mara moja, mwanzo mpaka mwisho, yaani ijaze sifuri palipo na data. Inatosha. Ninasema hivi bila kusita, kwa sababu mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, unaojulikana kama SP 800-88, katika toleo lake la mwaka 2014 unasema hivyohivyo: kwa diski za sumaku, mpito mmoja wa sifuri (kuandika juu mara moja) kwa kawaida unazuia data kurudishwa hata kwa vifaa vya maabara.

Namna ya kufanya ni kuwasha kompyuta kwa flashi yenye ShredOS, ambayo ndani yake kuna programu ya nwipe. Unaichagua diski, unachagua kujaza sifuri, unawasha uhakiki, unaiacha. Kama Linux unaizoea, amri hii inafanya kazi ileile (mahali pa `sdX` weka jina la diski yako):

`sudo dd if=/dev/zero of=/dev/sdX bs=4M status=progress`

Kwenye Windows, kwa diski isiyo na mfumo endeshi unaotumika, fungua `diskpart`, andika `list disk`, chagua kwa `select disk` na namba yake, kisha `clean all`. Neno `all` ndilo lenye kazi. Ukiandika `clean` peke yake umefuta mpangilio wa sehemu tu.

Kabla ya kubonyeza Enter, hakikisha herufi au namba ya diski ni ile unayoitaka. Linganisha ukubwa na modeli. Afadhali uchomoe kabisa diski zote zisizohusika, maana amri hizi hazina kurudi nyuma na `dd` haikuulizi mara mbili.

Inachukua muda gani?

HDD inayoandika megabaiti 150 kwa sekunde itamaliza terabaiti 1 kwa karibu saa 2. Nyingi hupungua kasi zinapokaribia katikati ya sahani, hivyo tegemea saa 3. Ukiiunganisha kwa USB 2.0 inaweza kufika saa 8 au zaidi. Iache usiku, ikiwa na umeme wa uhakika, na kompyuta isiyolala.

Mbona naambiwa lazima niandike juu mara 3, mara 7, au mara 35?

Hiyo 35 ilitoka kwenye andiko la mwaka 1996 la Peter Gutmann, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Auckland. Wakati ule diski ziliandika data kwa namna tofautitofauti, naye akapanga mfululizo unaogusa namna zote hizo, ili mtu asiyejua diski yake ni ya aina gani awe salama. Baadaye Gutmann mwenyewe aliongeza maelezo kwamba hakuna diski hata moja inayohitaji mipito yote 35, kwani sehemu kubwa ya mfululizo huo inahusu teknolojia ambayo diski hiyo haina. Watu wakaendelea kuichukulia kama dawa yenye nguvu zaidi kwa vile dozi yake ni kubwa.

Mara 3 zinatokana na mwongozo wa zamani wa wizara ya ulinzi ya Marekani, DoD 5220.22-M. Kama mkataba wako wa kazi unaitaja, ifuate. Kama hautaji, mpito mmoja uliohakikiwa unashinda mipito 7 ambayo hakuna aliyeangalia kama ilifika mwisho.

Kwa nini SSD haifutwi kwa njia hiyohiyo?

Kwa sababu SSD haiandiki pale unapoiambia iandike. Chipu zake huchakaa kwa kuandikwa, hivyo ndani yake kuna kidhibiti kinachogawa kazi ili sehemu moja isichoke kabla ya nyingine. Ukiagiza “andika sifuri kwenye sekta 1000”, kidhibiti kinachukua kipande kingine kilicho safi, kinaandika humo, kisha kinabadili ramani yake ili kipande hicho ndicho kiitwe sekta 1000. Kile cha zamani kimebaki na data, hakionekani kwako, kinasubiri zamu ya kusafishwa.

Juu ya hapo, kila SSD ina akiba ya nafasi isiyohesabiwa kwenye ukubwa unaouona. Data inaweza kukaa humo na hakuna programu ya kuandika juu itakayoifikia kwa anwani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walilipima jambo hili wakatoa matokeo mwaka 2011: njia zote za kufuta faili mojamoja walizozijaribu zilishindwa kwenye SSD, na kuandika juu ya diski nzima mara mbili kulitosha mara nyingi lakini si kila mara. Waligundua pia kwamba diski moja ilipokea amri ya kujifuta, ikajibu kwamba imemaliza, na data bado ipo. Ninarudia hili kwa makusudi: jibu la diski yenyewe kwamba imefuta si ushahidi.

Ipo amri ya TRIM, ambayo mfumo endeshi huituma unapofuta faili ili SSD ijue vipande gani havihitajiki. Inasaidia, na ndiyo sababu kuokoa mafaili kwenye SSD ni vigumu kuliko kwenye HDD. Lakini lini kipande kitasafishwa kweli huamuliwa na diski. Usiitegemee kama njia ya kufuta.

Basi SSD nifute vipi?

Iambie ijifute yenyewe kwa amri iliyojengwa ndani yake, maana kidhibiti ndicho pekee kinachoviona vipande vyote.

Anzia kwa mtengenezaji. Samsung, Crucial, Kingston na wengineo wanatoa programu zao za bure zenye sehemu ya kufuta kwa usalama. Baadhi ya kompyuta za Dell, HP na Lenovo zina kazi hiyo kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu inayoiwasha kompyuta kabla ya mfumo endeshi. Hizo ndizo njia nyepesi.

Kama unatumia Linux na SSD ni ya SATA (SATA na NVMe ni namna mbili za kuiunganisha SSD na kompyuta), angalia kwanza kwa `hdparm -I /dev/sdX`. Chini kabisa kuna sehemu ya usalama. Tafuta `not frozen`. Ukikuta `frozen` bila `not`, BIOS imeifunga diski wakati wa kuwaka. Ilaze kompyuta kisha uiamshe, mara nyingi kufuli hilo linaachia. Halafu weka nenosiri la muda na utoe amri:

`hdparm --user-master u --security-set-pass p /dev/sdX`
`hdparm --user-master u --security-erase p /dev/sdX`

Usifanye hivi diski ikiwa kwenye kiunganishi cha USB, na umeme usikatike katikati, la sivyo diski inaweza kubaki imefungwa kwa nenosiri lile. Ndiyo maana ninaweka `p` tu: likibaki, ni rahisi kulikumbuka na kulifungua.

Kwa SSD za NVMe, amri ni `nvme format /dev/nvme0n1 --ses=1`, au kama diski inaikubali, `nvme sanitize /dev/nvme0 --sanact=2`. Hii ya pili ni bora. Inagusa hata akiba iliyofichwa, na umeme ukikatika inaendelea ilipoishia diski ikiwashwa tena. Fuatilia kwa `nvme sanitize-log /dev/nvme0`.

Usishangae ikimaliza kwa sekunde chache. SSD nyingi husimba kila kinachoandikwa, yaani hukigeuza kisisomeke bila ufunguo, hata kama hukuziomba, na kuzifuta ni kuutupa ufunguo na kutengeneza mwingine.

Kusimba diski kunasaidiaje?

Kunasaidia kuliko jambo lolote jingine kwenye ukurasa huu, mradi ukifanye mapema. Diski iliyosimbwa tangu siku ya kwanza, kwa BitLocker ya Windows, FileVault ya Mac, LUKS ya Linux au programu ya VeraCrypt, huwa haijawahi kuandikwa kitu kinachosomeka bila ufunguo. Siku ya kuachana nayo unaharibu ufunguo, na vipande vyote vilivyojificha vinabaki kelele tupu. Kwa LUKS ni amri moja, `cryptsetup luksErase`. Na diski ikiibwa au ikifa ghafla, tayari umejilinda bila kufanya lolote.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza: BitLocker hukuuliza usimbe diski nzima au nafasi inayotumika tu. Kwa kompyuta iliyokwisha kutumika chagua nzima, maana ukichagua nafasi inayotumika, mafaili uliyoyafuta zamani yanabaki bila kusimbwa. Wa pili: ufunguo wa kurejesha huenda umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, au umeuchapisha ukauweka kwenye droo. Ufunguo ambao nakala yake ipo haujaharibiwa.

Pia BitLocker zamani ilikuwa ikiona SSD yenye usimbaji wake wa ndani, inaiachia kazi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha kwamba usimbaji wa ndani wa SSD kadhaa zilizouzwa sana ulikuwa na kasoro zilizowezesha kuufungua bila nenosiri. Mwaka uliofuata Microsoft ikabadili chaguo-msingi, Windows ikawa inasimba yenyewe. Ninashauri uamini usimbaji wa mfumo endeshi, na amri ya diski uiongeze juu yake.

Ninataka kufuta faili moja tu, si diski nzima.

Kwenye HDD inawezekana kwa `shred` ya Linux au SDelete ya Windows. Lakini faili moja huacha nyayo nyingi: nakala za muda za Word, picha ndogo za muhtasari, bakapu, nakala uliyojitumia kwa barua pepe. Kwa Windows, `cipher /w:C:\` huandika juu ya nafasi zote zilizo wazi, hivyo husafisha mabaki ya mafaili uliyoyafuta kwa njia ya kawaida. Kwenye SSD, hakuna njia ya uhakika ya faili moja. Apple iliondoa kazi ya kumwaga pipa kwa usalama kwenye OS X El Capitan mwaka 2015, kwa kuwa isingeweza kuahidi matokeo kwenye diski za aina hii.

Kurejesha kompyuta kama ilivyotoka kiwandani kunatosha?

Kwenye Windows, chagua kuondoa kila kitu, kisha ubadili mipangilio na uwashe kusafisha diski. Bila kuwasha hiyo, mengi yanabaki. Kwa kompyuta ya nyumbani yenye HDD inayokwenda kwa ndugu, inatosha. Kwa yenye rekodi za wateja au wagonjwa, haitoshi.

Mac zenye chipu ya T2 au za Apple silicon ni rahisi zaidi. Kuanzia macOS Monterey zina sehemu ya kufuta maudhui na mipangilio yote; inaharibu ufunguo na kazi imekwisha.

Diski imekufa, haionekani kabisa. Naweza kuitupa?

Usiitupe hivyohivyo. Kilichokufa mara nyingi ni saketi au kichwa cha kusomea, na sahani zina kila kitu. Kampuni za kuokoa data zinaishi kwa kufufua diski kama hizo. Isiyoweza kufutwa lazima iharibiwe.

Kuiharibu kunafanywaje? Sumaku ya spika inafaa?

Haifai. Mashine maalumu za kuondoa sumaku zinafuta HDD kweli, na kuifanya isitumike tena, lakini sumaku ya nyumbani haina nguvu hiyo. Kwa SSD hakuna sumaku ya aina yoyote inayosaidia, kwa sababu data haikuandikwa kwa sumaku.

HDD ifungue uharibu sahani zenyewe. Za kompyuta ya mezani kwa kawaida ni za alumini, zikunje na kuzikwaruza pande zote. Za laptopu nyingi ni za kioo, zinapasuka vipande vyenye ncha kali, kwa hiyo vaa miwani ya kinga na glavu. SSD inataka kila chipu ya kumbukumbu ivunjike. Tundu moja la drili katikati ya ubao linaweza kupita kati ya chipu na kuziacha nzima. Usichome moto wala kuweka kwenye maikrowevu, moshi wake ni sumu. Mabaki yapeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki.

Kama diski ni nzima, lakini, ifute umpe mwingine aitumie. Kuharibu diski inayofanya kazi ni hasara, na ni taka ambayo haikuhitajika.

Nitahakikije kwamba imefutika?

Kwa HDD iliyojazwa sifuri, andika `sudo cmp /dev/sdX /dev/zero`. Ikikuta baiti isiyo sifuri itasimama na kukutajia mahali. Ikifika mwisho wa diski itasema `EOF on /dev/sdX`, na hilo ndilo jibu unalolitaka. Njia nyingine ni kuifungua kwa kihariri cha heksi, programu inayoonyesha baiti zilivyo, urukeruke sehemu mbalimbali; unapaswa kuona safu za 00 tu. Kisha jaribu PhotoRec, ile ambayo mgeni angeijaribu.

Kwa SSD uhakiki huu unakuonyesha kile tu ambacho kidhibiti kimekubali kukuonyesha. Ndiyo maana ninaungana na wanaosisitiza kusimba kwanza, amri ya ndani baadaye.

Kabla ya kuanza, nisisahau nini?

Chukua bakapu na uifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama inasomeka. Toka kwenye akaunti zako. Kama unatumia OneDrive, Google Drive au iCloud, tenganisha kwanza ndipo ufute, kwani ukifuta ndani ya folda inayosawazishwa mafaili yanatoweka na kule mtandaoni pia. Hamisha programu ya namba za uthibitisho wa hatua mbili, na leseni za programu ulizonunua.

Kuna vifaa vingine vyenye diski ninavyovisahau?

Mashine za kunakili za ofisini. Nyingi zina diski inayoweza kuhifadhi kurasa zilizopita. Mwaka 2013 Affinity Health Plan, mpango wa bima ya afya wa New York, ililipa zaidi ya dola milioni 1.2 baada ya kurudisha mashine za kukodi zikiwa na taarifa za afya za watu kwenye diski zake. Angalia pia vinasa video vya kamera za ulinzi na diski za nje za bakapu.

Ofisi yetu ina diski nyingi. Tufanyeje?

Andikeni namba ya utambulisho ya kila diski kabla haijaondoka mezani: ilifutwa lini, kwa njia gani, nani alihakiki. Mkiajiri kampuni, dai cheti chenye namba hizohizo mlinganishe na orodha yenu. Cheti kinachosema “diski 40 zimeharibiwa” bila namba hakithibitishi kitu, maana ikipungua moja hamtajua ni ipi.

Nikishafuta diski nzima, kompyuta itawaka?

Itawaka, ila haitakuta mfumo endeshi, na sehemu ya kurejesha iliyowekwa na mtengenezaji itakuwa imefutika pia. Andaa flashi ya kusakinisha mapema. Leseni ya Windows kwa kompyuta nyingi za siku hizi imo kwenye ubao mama, hivyo mtumiaji mpya akisakinisha toleo lilelile itajitambua yenyewe akiingia mtandaoni.